Uliza Mama Mkubwa: Kipimo cha mia tano ndicho kinachomaliza hela ya matumizi

SWALI: Shikamoo Mama Mkubwa. Naishi Mbagala, nina watoto watatu na mume wangu anaendesha bodaboda ya bosi. Kila asubuhi ananiachia 10,000 ya matumizi, siku mbaya 7,000. Zamani ilitosha na chenji inabaki, sasa hivi ikifika jioni sina hata mia. Natumia hivi: mkaa wa 2,000, mafuta ya kupima mara mbili, kila kipimo 500, sukari robo 900, unga kilo moja na nusu 3,000, mboga, nyanya na kitunguu 2,000. Inayobaki ni sabuni na nauli ya mtoto. Ikipungua nakopa kwa Mangi mwenye duka, na daftari la deni limefika 45,000. Mume anadhani napiga cha juu. Jirani kaniambia kuna mkopo wa 200,000, unarejesha 8,000 kila siku kwa siku 30, na mwanzoni wanakata 10,000 ya fomu. Nataka niuchukue nimlipe Mangi, ninunue vitu kwa jumla, nipumue. Unasemaje? – Mama wa watatu, Mbagala

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na huo mkopo maana ndio wenye haraka: usiuchukue. Hiyo ndiyo mikopo inayoitwa kausha damu yenyewe. Wakishakata ya fomu unaondoka na 190,000, na ndani ya mwezi unarudisha 240,000. Ubaya wake hauishii kwenye hiyo 50,000. Marejesho yanaanza kesho yake, kwa hiyo katika ile 10,000 unayoachiwa asubuhi, 8,000 ni ya watu, na watoto watatu wanabaki na 2,000. Wiki haiishi utakopa kwingine ulipe huku. Nimeshuhudia wanawake wa rika lako wakibebewa godoro na televisheni mchana kweupe mbele ya watoto wao, na roho iliniuma. Benki Kuu imeelekeza wakopeshaji wadogo wenye leseni wasitoze riba ya zaidi ya asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki mbili hiyo ni 7,000. Wewe unatakiwa utoe 40,000, na fomu juu yake. Mtu wa namna hiyo muulize leseni, uone atakavyobabaika.

Mangi hakutozi riba. Nenda kwake kwa heshima, umwambie: Mangi, hili daftari tulifunge hapa, nitaleta 1,500 kila siku mpaka liishe, na kuanzia leo nanunua kwa hela mkononi. Ndani ya mwezi umemaliza. Wenye maduka wanamthamini mteja anayepunguza deni kidogo kidogo kuliko anayeahidi mwisho wa mwezi halafu anapita njia ya nyuma.

Sasa hiyo 1,500 itatoka wapi? Nimeyasoma matumizi yako na kuyarudia. Sijaona anasa hata moja, wala cha juu sikioni. Ninachokiona ni kwamba karibu kila kitu unakinunua kwa kipimo kidogo kabisa, na kipimo kidogo ndicho chenye bei kubwa kuliko vyote. Anayenunua dumu zima anauziwa kwa bei nafuu. Anayenunua kikombe anauziwa kwa bei ya juu, na huyo ndiye asiyenacho. Hili linanikera tangu nikiwa mama lishe Buguruni, na sitaacha kulisema.

Fanya jaribio hili leo. Chukua chupa tupu ya maji ya nusu lita. Kila ukinunua kipimo cha mafuta, kabla hujapika, kimimine humo kwanza uweke alama kwa kalamu. Kwa vipimo ninavyovijua vya mitaa yenu, chupa itajaa kwenye cha saba. Saba mara 500 ni 3,500 kwa nusu lita, yaani unanunua lita kwa 7,000. Wiki hii nimeuliza bei hapo Rangi Tatu: lita moja iliyofungwa ni 5,500, dumu la lita 20 ni 92,000, ambayo ni 4,600 kwa lita. Mafuta ni yale yale. Wewe unatumia vipimo viwili kwa siku, kwa hiyo lita moja inakufaa wiki nzima. Ukinunua lita badala ya kupimiwa, umeokoa 1,500 kila wiki, na hujapunguza hata tone kwenye sufuria.

Baada ya hapo ndipo mfikirie dumu, na dumu ni la watu. Tafuta wanawake wanne wa mtaa mnaoaminiana, muwe watano. Mchezo mnaoucheza wa hela muugeuze wa mafuta: kila mmoja 700 kwa siku kwa kijumbe mmoja, yaani mwenye kukusanya, na kabla mwezi haujaisha mmeshafikisha 92,000. Kila mtu anapata lita nne kwa 18,400, na wewe hizo lita nne kwa kupimiwa zinakutoka 28,000. Dumu likifika lifunguliwe mbele ya wote watano, kila mmoja na chombo chake, na kipimo kiwe kimoja, chupa ya lita inayoonekana ndani. Msigawiane mmoja akiwa hayupo. Vikundi vingi nilivyoviona vikivunjika havikuvunjwa na hela, vilivunjwa na mtu kuhisi amepunjwa kikombe.

Mkaa ndio mkubwa zaidi: 2,000 kwa siku ni 60,000 kwa mwezi, na masika barabara za porini zikiharibika bei inapanda tena. Nina hakika maharage yanakula nusu ya huo mkaa. Yalowekwe usiku kucha, kwanza. Asubuhi mwaga maji ya kulowekea, weka maji mapya, yatokote kwa nguvu kwa dakika kumi na tano kamili. Hapo usipunguze, maharage ambayo hayakutokota vizuri yanaumiza tumbo. Kisha chukua kikapu kikubwa cha ukili au tenga, ndani umetandika sufi iliyoshonewa kwenye kanga chakavu. Kama sufi huna, blanketi kuukuu linatosha. Epua sufuria na mfuniko wake, litumbukize humo, lifunike kwa mto mzito, uliache kwa masaa manne bila kuchungulia. Kila ukifunua unatoa joto ambalo ulishalilipia. Sufuria liwe limejaa karibu juu, maana la nusu linapoa upesi. Ukilitoa, mvuke bado unapanda na punje inapondeka kwa vidole viwili. Unalirudisha jikoni kidogo tu kwa kitunguu na nazi, litokote tena, basi. Mgahawani kwangu maharage yalikuwa yakiivia kwenye kikapu wakati jiko limeshahamia kwenye wali.

Na makaa yanayobaki ukimaliza kupika usiyaache yateketee, wala usiyamwagie maji. Yatie kwenye chungu au debe la bati lenye mfuniko unaobana, yatazimika yenyewe na kesho yanawaka upya. Ukiyafanya haya mawili, mkaa wa 1,200 utakutosha siku nyingi.

Sukari robo kila siku kwa watu watano ni nyingi, mwanangu, hata kwa afya ya watoto. Nunua kilo kwa 3,000 uigawe kwa siku nane. Jumlisha sasa: kama 200 kwa siku kutoka kwenye mafuta, 800 kwenye mkaa, zaidi ya 500 kwenye sukari. Deni la Mangi limeshapata pa kutokea. Unga wa kiroba cha kilo 25 subiri mpaka deni liishe. Mboga usiziguse, dagaa na mchicha ndivyo vinavyowajenga hao watoto.

Kuhusu mume, mwonyeshe ile chupa yenye alama. Mwanaume anayepeleka hesabu kwa bosi kila siku anaelewa hesabu akiiona kwa macho. Kisha muombe kitu kimoja: siku ambayo hana hesabu ya bosi, kama makubaliano yao yanayo, ile hela ya siku hiyo iwe ya kununulia vitu vya wiki, isiwe ya kula siku hiyo. Mkiweza hilo, mmetoka.

Ukitaka mtaji wa kufanya biashara yako, mwone ofisa maendeleo ya jamii wa kata. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na 4 kati ya hizo ni za vikundi vya wanawake. Ina mzunguko wa makaratasi, lakini hakuna atakayekuja kubeba godoro. Ila mkopo huo ni wa biashara, usiende kuombea unga.

SWALI: Habari Mama Mkubwa. Mimi ni kijana, nimepanga chumba Dodoma, tupo wapangaji sita kwenye LUKU moja, mita ya umeme wa kulipia kabla, na tunachanga sawa. Mwanzo wa mwezi nikinunua umeme wa 5,000 uniti zinakuja chache kuliko katikati ya mwezi. Nani anatuibia? Halafu nataka kununua jiko la presha la umeme niachane na mkaa, wenzangu wanasema nitawamalizia uniti. – Mpangaji, Dodoma

JIBU: Hakuna anayekuibia, lakini unalipa kisicho chako. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, na kuanzia Julai 2023 nyumba ya kawaida inakatwa 1,500 kwa mwezi. Inakatwa kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi, na kama kuna miezi iliyopita bila kununua inakatwa na hiyo. Anayewahi kununua ndiye anayeibeba. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, siyo ya mpangaji. Ule ujumbe wa manunuzi unaonyesha makato, utunze kwenye simu, umwonyeshe baba mwenye nyumba mkae mkubaliane ipunguzwe kwenye kodi ya chumba. Zungumza kwa adabu, lakini zungumza. 18,000 kwa mwaka si ya kudondosha njiani.

Kinachowaumiza zaidi ni kuwa sita kwenye mita moja. Mteja mdogo wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi analipa 100 kwa uniti, na kodi na tozo zikiingia inakuwa kama 122. Akizidi hapo anahamishiwa kundi la juu, ambako uniti inafika kama 356. Tuseme kila mmoja wenu anatumia uniti 30. Ungekuwa na mita yako ungelipa kama 3,660. Kwa kuwa mita moja inasoma 180, kila mmoja analipa zaidi ya 10,000 kwa matumizi yale yale ya mtu mdogo.

Kuunganishiwa umeme mpya mjini kunazidi laki tatu, huo ni mzigo wa mwenye nyumba. Mnachoweza ninyi ni kuchangia mita ndogo za ndani, kila chumba na yake, fundi umeme anazifunga kwa siku moja. Hazibadilishi bei ya uniti, ila kila mtu analipa alichotumia na ugomvi unakwisha. Zikishafungwa, jiko la presha nunua bila wasiwasi. Maharage yaliyolowekwa hayamalizi uniti moja, kwa hiyo hata kwa bei yenu ya juu hayafiki 356. Jiulize mkaa wa hiyo hela utauziwa na nani. Mita zisipofungwa, usinunue. Wenzako watakuwa na haki ya kulalamika.

SWALI: Mama Mkubwa, nasikia sukari itaadimika tena. Nina akiba kidogo, ninunue mfuko wa kilo 50 niweke ndani? – Bibi wa Tanga

JIBU: Hapana, dada yangu. Kumbuka mwanzoni mwa 2024: mvua za El Niño zililowesha mashamba, viwanda vikashindwa kuvuna miwa, na kilo ikapita 4,000 sehemu nyingi. Serikali ikatoa bei elekezi na kuruhusu sukari ya nje iingie, na baada ya miezi michache bei ikateremka. Waliojaza mifuko ndani kwa bei ya juu waliinywa kwa bei hiyo hiyo wakati wenzao wananunua rahisi. Kila masika viwanda husimama kwa matengenezo na maneno ya uhaba huanza. Uzalishaji ukirudi katikati ya mwaka yanapoa. Weka kilo mbili tatu kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, maana unyevu wa Tanga unaugeuza mfuko wazi kuwa jiwe.

Mafuta ya kula ni habari nyingine. Sehemu kubwa ya mawese tunayopikia inatoka Malaysia na Indonesia, na 2022 Indonesia ilipozuia kwa muda kuuza nje tulilihisi mpaka kwenye kiosko cha mtaani. Bei yake ikipanda haina haraka ya kushuka. Hiyo akiba, kama lazima uifanyie kitu, nunua dumu ugawane na wanao.