Maswali yenu: Cheti cha polisi kwa kocha wa watoto

Likizo zikikaribia, timu za watoto huota kila uwanja wenye magoli mawili, na safari hii barua zenu nyingi zinauliza jambo moja: huyu anayemfundisha mwanangu mpira, nitamjuaje? Nimechagua zile zinazohusu cheti cha maadili mema kinachotolewa na Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI.

Kocha wa mtaani kwetu anajitolea, halipwi hata senti. Nilipotaja cheti cha polisi kwenye kikao cha wazazi, niliambiwa nimemvunjia heshima. Nilikosea? – Mzazi, Nakuru

Hukukosea, ila nadhani kilichouma ni kumtaja peke yake. Ukimwomba mtu mmoja cheti, umemshuku. Ukiwaomba wote, kuanzia mwenyekiti hadi dereva wa matatu inayobeba timu, huo ni utaratibu wa klabu na hakuna wa kununa. Uandikeni kwenye katiba yenu, kisha mwenyekiti awe wa kwanza kuleta chake.

Ombi linafanywa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na ada yake ni karibu shilingi elfu moja. Kwa kijana anayejitolea hiyo si hela ndogo, kwa hiyo klabu ilipe. Timu inayoweza kuchangisha jezi haishindwi na elfu moja. Ukishalipa unachapisha fomu, unachukua kitambulisho chako halisi na kwenda Huduma Centre au makao makuu ya DCI, Kiambu Road, kupigwa alama za vidole, vyote kumi. Wanaoshika mawe na jembe kila siku, alama zao wakati mwingine hufifia ikabidi warudie. Wavumilieni.

Jambo moja zaidi: usikubali picha ya cheti iliyotumwa kwa WhatsApp. Mwambie mhusika aingie eCitizen kwa simu yake akufungulie pale pale, nawe ulinganishe jina na nambari ya kitambulisho. Vyeti vya kughushi vya River Road, Nairobi, bado viko sokoni.

Makocha wetu wote wamerudi na vyeti safi. Sasa tumemaliza? – Katibu wa klabu, Kitale

Hapana, na naomba hili mlisome polepole.

Cheti kinajibu swali moja tu: je, vidole hivi vimewahi kuingia kwenye kumbukumbu za uhalifu za polisi wa Kenya? Sasa fikiria kesi za unajisi unazozijua wewe mwenyewe, pale kwenu. Ngapi zilifika kituoni? Wazee hukaa chini ya mti, mbuzi akatajwa, pesa kidogo zikabadilisha mikono, na msichana akahamishiwa kwa shangazi. Aliyefanya kitendo hicho hakupigwa alama hata ya kidole kimoja. Akiomba cheti kesho, kitatoka safi kabisa, na karani wa DCI hatakuwa amekosea lolote.

Kuna pia yule ambaye hana historia kwa sababu ndiyo kwanza anaanza. Matthew Durham, kijana Mmarekani kutoka Oklahoma, alikuwa na umri wa miaka 19 alipokamatwa mwaka 2014 kwa kuwadhulumu watoto kingono katika makao aliyokuwa akijitolea karibu na Nairobi. Alikuwa amefika hapo kujitolea zaidi ya mara moja, wenyeji wakamzoea. Mwaka 2016 mahakama ya kwao ilimfunga miaka 40. Mtu wa umri huo ungemkagua nini?

Ndiyo maana mimi huweka uzito mkubwa zaidi kwenye kanuni za uwanjani. Mtu mzima asibaki na mtoto mmoja mahali pasipoonekana. Asimpakie peke yake kwenye bodaboda baada ya mazoezi. Ujumbe wa simu uende kwenye kundi ambalo wazazi wamo, usiende kwa mtoto saa nne usiku. Mechi za ugenini zikiwa na kulala, kocha ana chumba chake na watoto wana chao, na mzazi mmoja au wawili wanasafiri na timu. Kama ni timu ya wasichana, awepo mwanamke, awe na sauti ya kweli, asiwe wa kupika chai tu.

Kabla ya hayo yote, piga simu klabu alikotoka kocha. Uliza swali moja: mngemchukua tena kufundisha watoto? Usikilize jibu, na usikilize pia kimya kinachotangulia jibu.

Cheti cha kocha msaidizi kinaonyesha aliwahi kutiwa hatiani kwa kuuza chang'aa, zamani sana. Tumtimue? – Mweka hazina, Kakamega

Kwa hilo peke yake, la. Kosa lolote dhidi ya mtoto, kosa lolote la ngono, au kumwumiza mtu vibaya: mlango umefungwa, hata kama ni zamani na hata kama amefanya toba. Chang'aa ya miaka hiyo ni jambo la kamati kumwita, kumsikiliza, kuamua na kuandika uamuzi. Na habari hiyo iishie kwenye kamati. Nikisikia imefika kwenye vibanda vya miraa, nitajua nani wa kutimuliwa.

Tumepata mgeni kutoka ng'ambo anayetaka kufundisha watoto mpira kwa wiki sita. Amekuja na mipira na jezi mpya. Cheti cha Kenya kinatosha? – Mwenyekiti, Bomet

Hakitoshi, kwa kuwa polisi wa Kenya hawana cha kusema juu ya mtu aliyeshuka ndege juzi. Anatakiwa alete cheti cha kwao, na akilete kabla ya kukanyaga uwanja. Raia wa Uingereza, au mtu aliyeishi huko, anaweza kuomba kinachoitwa International Child Protection Certificate, kilichotengenezwa makusudi kwa wanaokwenda kufanya kazi na watoto nchi za nje. Mmarekani anaweza kuomba rekodi yake kutoka FBI, nayo hutafutwa kwa alama za vidole. Marekani pia ina tovuti ya taifa ya wahalifu wa ngono, iko wazi kwa yeyote na haina malipo. Andika jina uone.

Unaniandikia kutoka Bomet, kwa hiyo unajua kwa nini ninakaza. Gregory Dow, Mmarekani, alifungua makao ya watoto Boito, huko huko Bomet, mwaka 2008. Huko Iowa, Marekani, mwaka 1996, alikuwa ametiwa hatiani kwa shambulio la nia ya kudhulumu kingono. Jambo hilo lilikuwa limeandikwa, lipo, linasubiri mtu wa kuuliza. Februari 2021 alifungwa Marekani miaka 15 na miezi minane kwa yale aliyowafanyia wasichana wa makao yale. Durham huenda asingepatikana kwa karatasi. Dow angepatikana.

Mipira pokeeni, mshukuruni. Cheti bado kinadaiwa.

Kocha mpya alikuwa mwalimu, na tunasikia alifukuzwa kazi. Tutajuaje sababu? – Mzazi, Machakos

Mwombe nambari yake ya TSC. Tume ya Huduma za Walimu humfuta kwenye sajili mwalimu aliyepatikana na hatia ya utovu mkubwa wa nidhamu, yakiwemo mapenzi na wanafunzi, na majina ya waliofutwa huchapishwa katika gazeti rasmi la serikali. Wengi wa aina hiyo hawaonekani kwenye cheti cha polisi maana waliadhibiwa na mwajiri, hawakufika mahakamani. Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006 nayo inamtaka Msajili wa Mahakama Kuu aweke orodha ya waliotiwa hatiani, na mtu mwenye sababu ya msingi ana haki ya kuikagua. Klabu ya watoto inayoajiri ina sababu ya msingi.

Kijana wetu wa miaka 16 anasaidia kufundisha wadogo. Naye alete cheti? – Kocha, Voi

Hana kitambulisho, kwa hiyo usimsumbue. Yeye pia ni mtoto na kanuni zinamlinda. Afundishe akiwa mbele ya macho ya kocha mzima, basi.

Mtoto mmoja amesema kocha alimshika vibaya. Viongozi wanataka kocha aondoke kimya kimya ili jina la klabu lisichafuke, na chifu amekubali kusuluhisha. Nifanye nini? – Mama mchezaji, Kilifi

Pole sana, mama. Leo, usingoje kesho, nenda kituo cha polisi kilicho karibu, au piga 116, simu ya watoto, haina malipo. Afisa wa watoto naye aarifiwe. Kama kuna dalili ya kuingiliwa, hospitali ni kwanza, ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya ukimwi zina muda wake. Asiogeshwe kabla ya kuonwa na daktari. Nguo alizovaa zisifuliwe; zifunge kwa karatasi au gazeti kuukuu, usitie kwenye mfuko wa plastiki, maana unyevu huharibu ushahidi. Mtoto asihojiwe na kila kiongozi. Andika maneno yake kama alivyoyasema, na tarehe, umwache apumzike.

Kocha asimame kando tangu leo hadi uchunguzi uishe. Kumsimamisha hakumaanishi kwamba ana hatia. Akiachwa aondoke kimya kimya, wiki ijayo yuko Malindi na filimbi shingoni, na cheti chake ni safi.

Kuhusu chifu: Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006, kifungu cha 40, haiwapi chifu, wazee, klabu wala hata wazazi mamlaka ya kuifuta kesi ya namna hii. Akikuambia anaweza kuifunga, mwombe akuandikie hivyo kwa barua yenye muhuri wake.