Saadani na watoto: angalia mwezi kabla ya gari

Msomaji mmoja ameandika kwa uchungu. Familia ya watu sita, wameingia Hifadhi ya Saadani, pwani ya Tanzania, saa 5 asubuhi, wametoka saa 10 jioni, na walichoambulia ni ngiri, nyani na vumbi. Anauliza kama gari lao ndilo lililowaponza. Hapana. Ni saa waliyoingia, na mwezi ambao hakuna aliyeuangalia.

Geti hufunguliwa saa 12 asubuhi. Mlale Bagamoyo ili muwahi. Mpaka saa 3 twiga, kongoni na tohe bado wako kwenye majani mafupi; jua likikolea wanazama vichakani, na hapo hata dereva hodari atawazungusha bure.

Bahari nayo ina ratiba yake. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, yaani maji hujaa na kupwa kupita kawaida: maji hujaa karibu saa 10, alfajiri na jioni, na kupwa karibu saa 4. Kila siku huchelewa kama dakika 50. Mashua ya kwenda Mto Wami kuona viboko na mamba, ikitokea baharini, hupita juu ya mafungu ya mchanga mdomoni mwa mto. Maji yakipwa inakwama. Anayetaka Wami asubuhi aende kwenye maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, wiki moja baada ya mwezi mpevu, yanapojaa karibu saa 4. Ndege heroe (flamingo) hawana masharti hayo, watafuteni kwenye mashamba ya chumvi.

Mbung'o hufuata gari linalotembea, na hupenda bluu na nyeusi. Dawa ya mbu haiwatishi. Vaeni kaki, vioo juu mkipita vichakani. Mzazi aliyemvalisha mtoto jinzi asilaumu hifadhi.

Masika, Machi hadi Mei, ahirisheni. Udongo wa mbuga, ule mweusi unaonata, ukilowa huziba kashata zote za tairi, na tairi jipya linageuka kipara. Kupunguza upepo hadi psi 20 kunasaidia kwenye mchanga; kwenye tope hili hakufui dafu, na ukikanyaga mafuta gari linajichimbia. Bebeni koleo, mbao mbili za mita moja na pampu.

Mkifika ufuo wa Madete usiku kwa ajili ya kasa, zimeni tochi na simu. Jike akiona mwanga kabla hajaanza kutaga, hugeuza akarudi baharini.