Kwa nini (x − 3)² = 49 ina majibu mawili

Mzazi mwenzetu ameuliza kwa nini bintiye wa kidato cha pili alikatwa alama kwa kujibu x = 10 katika mlinganyo (x − 3)² = 49, ilhali 10 ukiiweka inakubali. Alama zilikatwa kwa haki, kwa sababu −4 nayo inakubali: −4 − 3 ni −7, na −7 mara −7 ni 49.

Nimefundisha hesabu wanafunzi wa jioni hapa Umoja kwa miaka mingi, na inanisikitisha kuona jinsi wengi wanavyoagizwa kubandika alama ya ± (jumlisha au toa) bila kuelezwa inakotoka. √49 yenyewe ni 7 tu, kwa kuwa wanahisabati wamekubaliana kwamba alama ya √ inasimamia kipeuo cha pili kisicho hasi. Majibu mawili yanatoka kwenye mlinganyo. Ukiuandika (x − 3)² − 7² = 0, upande wa kushoto unakuwa tofauti ya miraba miwili, ambayo huvunjika kuwa (x − 3 − 7)(x − 3 + 7) = 0, yaani (x − 10)(x + 4) = 0. Zao la namba mbili haliwi sifuri mpaka mojawapo iwe sifuri, kwa hiyo x ni 10 au −4, wala hakuna jibu la tatu. Mwanafunzi akishaielewa hatua hii, namruhusu aandike x − 3 = ±7 moja kwa moja.

Jibu hasi hutupwa pale tu swali lenyewe linapolikataa. Fundi anayekagua msingi wa ploti ya futi 50 kwa 100 hupima kutoka kona hadi kona ya mkabala, urefu tuuite d: d² = 50² + 100² = 12,500, nayo d ni takriban futi 111.8 pekee, kwa maana hakuna urefu hasi. Sababu hiyo iandikwe kwenye karatasi, ili msahihishaji aone kwamba jibu la pili lilifikiriwa.

Kama upande wa kulia wa mlinganyo ule wa kwanza ungekuwa −49, hakuna namba halisi, iwe chanya, hasi au sifuri, ambayo ingefaa, kwa kuwa namba hizo zikizidishwa kwa zenyewe hazitoi jibu hasi.

Mwambie bintiyo pia kwamba njia hii ya ± hudai x yote ikae ndani ya mraba mmoja. Katika x² + 6x = 16, kuandika x = √(16 − 6x) hakumfikishi popote, kwani x imebaki pande zote mbili. Achukue nusu ya 6, aizidishe kwa yenyewe, kisha aongeze 9 hiyo pande zote; atapata (x + 3)² = 25, kisha x + 3 = ±5, na majibu ni 2 na −8.