Vitabu vya mwanasheria, na riwaya za mama
Ndugu, umeuliza ununue nini Dar: wewe mwanasheria, mama mpenda riwaya. Anza TPH, duka la vitabu lililoko Barabara ya Samora.

Mama mchukulie Peponi ya Abdulrazak Gurnah, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, iliyochapishwa na Mkuki na Nyota 2022. Ni kisa cha Yusuf, mtoto anayechukuliwa na mfanyabiashara kwa deni la baba yake. Hatakiweka chini.

Wewe tafuta wasifu wa Nyerere ulioandikwa na Issa Shivji, Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata, juzuu tatu, 2020. Ni wa Kiingereza, lakini Shivji ni mwanasheria mwenzako, utafaidi.

Vitabu vya sheria tupu, fungua kwanza ukurasa wa hakimiliki, tazama mwaka wa toleo. Sheria hurekebishwa, toleo la zamani litakuponza mahakamani.