Mbona tembo hapati kansa kirahisi?

SWALI: Habari za kazi. Kama kansa inaanzia kwenye seli moja iliyoharibika, si tembo na lile limwili lake angekuwa anaugua kila siku? Msomaji, Arusha.

JIBU: Salama ndugu yangu, hesabu yako iko sawa na iliwasumbua wanasayansi miaka mingi. Mwaka 2015 ndo ikaonekana tembo ana kama nakala 20 za jeni ya TP53, wakati sisi tunarithi moja tu toka kwa kila mzazi. Kazi yake ni ulinzi, DNA ikiharibika inaisimamisha seli irekebishwe kwanza, ikishindikana inaiamuru ijiue, na seli za tembo zinajiua mapema kuliko zetu, hazisubiri. Nyingi ya nakala hizo ni vipande vipande, ila zipo zinazofanya kazi. Ukoo wa jeni hii ni wa kale mno, hata anemoni, kinyama laini cha baharini, anao na kwake unalinda seli za uzazi, kazi ambayo kwa mamalia jeni nyingine ya ukoo huo, p63, bado inaifanya kwenye mayai ya uzazi. Mi hapo ndo huwa nashangaa kweli! Nyangumi yeye hana nakala nyingi hivyo, kajilinda kwa njia nyingine.