Kabla Hujapulizia Dawa, Gusa Doa

Krasula yangu ya kwanza, mmea wa chunguni wenye majani manene, haikufa kwa ugonjwa. Niliiua mwenyewe kwa dawa. Asubuhi moja niliona vitone vyeupe kwenye majani yake, vidogo kama vichwa vya pini, vingi vikiwa pembezoni. Nikaamua ni kuvu. Nikapulizia, havikutoka, nikazidisha kipimo, nikapulizia tena mmea ukiwa juani. Baada ya wiki tatu majani yakaanza kupukutika. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba majani ya krasula yana vitundu vinavyotoa maji, na maji hayo yakikauka huacha chumvi. Kitambaa chenye unyevu kingemaliza kazi.

Tangu hapo, kwenye sakulenti zangu, yaani mimea kama krasula inayohifadhi maji mwilini, mkono unatangulia, dawa inafuata. Macho peke yake hudanganya, kwa sababu kwa kutazama tu karibu kila doa la kahawia linafanana na jenzake.

Anza kwa kufuta taratibu. Kinachofutika ni vumbi, chumvi, au ile nta ya mmea wenyewe. Hapa uwe mwangalifu: unga mweupe unaofunika echeveria, sakulenti nyingine, ni kinga yake ya jua, na jani lililokomaa likiupoteza halitengenezi mwingine. Yale mabaka ya kijani yanayowatisha wanaoanza mara nyingi ni alama za vidole vyao wenyewe.

Kisichofutika, jaribu kukibandua kwa ukucha. Kikinyanyuka kizima kama kigamba, hao ni wadudu waitwao vidugamba. Ukikuta kitu kama pamba kimejificha kwapani mwa majani, ni wadudu waitwao vidung'ata. Wote wapake spiriti ya asilimia 70 kwa kijiti chenye pamba, na urudie kila wiki, maana mayai uliyoyakosa leo yataanguliwa. Kisha utoe mmea chunguni uangalie mizizi. Wapo vidung'ata wanaoishi udongoni tu, na watu huhangaika na majani miezi mizima bila kuwagundua. Ukiona vidoa vya rangi ya kutu vimejazana kwenye chipukizi changa, kung'uta mmea juu ya karatasi nyeupe. Nukta zikianza kutembea, ni utitiri.

Doa lisilofutika wala kubanduka, libonyeze kwa kidole gumba. Kwangu mimi hiki ndicho kipimo kikubwa kuliko vyote. Likiwa gumu na kavu, kwa kawaida ni kovu, na kovu halitibiwi. La jua hukaa upande ulioelekea mwanga: huanza kama baka lililopauka, kisha hukauka likawa kahawia. Hutokea mmea unapotolewa ndani na kuwekwa juani siku hiyohiyo, badala ya kuzoeshwa kidogo kidogo kwa wiki mbili hivi. Baka hilo litabaki mpaka jani lenyewe lianguke.

Kuna vipele vigumu kama ganda la mti, mara nyingi upande wa chini wa jani, ambavyo karibu kila anayeanza huviita kuvu. Hivi husababishwa na maji. Udongo ukiwa umelowa, na hewa ikiwa ya baridi, nzito, isiyotembea, mizizi hunyonya maji kwa kasi kuliko majani yanavyoweza kuyatoa. Seli hujaa, hupasuka, na jeraha hukauka likawa kipele. Hakiambukizi. Punguza kumwagilia, sogeza chungu penye hewa, basi. Ukipulizia dawa ya maji unaongeza unyevu pale pale ulipokuwa umezidi.

Kuvu halisi huwa na tabia nyingine: doa la duara, mara nyingi lenye ukingo wa njano, na linakua. Ndiyo maana mimi hupiga picha doa likiwa kando ya rula, halafu narudi baada ya siku saba. Likiwa limepanuka, kata jani hilo, na kuanzia siku hiyo mwagilia udongo, si majani.

Kidole gumba kikizama, usisubiri siku saba. Jani laini, la njano, linalopenyeza mwanga kama karatasi yenye mafuta, limekunywa maji kupita kiasi. (La chini kabisa likinyauka likawa kavu, huo ni uzee tu, livue.) Weusi ukipanda kwenye shina, kata juu yake kwa wembe safi, futa wembe kwa spiriti, kata tena, mpaka nyama yote iwe na rangi moja. Niliwahi kuuonea huruma mmea nikaacha nukta moja ya kahawia katikati ya shina, ndogo kama ncha ya sindano. Baada ya siku nne shina lote lilikuwa uji. Kipande kilichosalimika kiache kivulini siku kadhaa mpaka jeraha lifunge, ndipo ukipande.

Mshubiri wenye uvimbe uliojikunja kama koliflawa una utitiri usioonekana kwa macho. Mimi huutupa mzima, na siutii kwenye mboji.

Kaktasi wangu mkubwa ana ukahawia uliotokea usawa wa udongo na unapanda. Kwa miaka miwili umepanda upana wa kidole kimoja. Kila mwezi naubonyeza kwa gumba, na mpaka leo ni mgumu kama gome. Anazeeka tu, kwa hiyo sijamgusa kwa dawa yoyote.