Unarudi kwenye BMX na umri umeenda? Pima bomba, achana na tairi

Muuzaji wa mtumba akikwambia "hii BMX inchi ishirini, bosi, saizi yako kabisa," bado hajakwambia kitu. BMX ni ile baiskeli fupi ya mbio za vumbi na ya kurukia; inchi 20 ni kipimo cha gurudumu lake, na gurudumu hilohilo linafungwa kwenye baiskeli ya mtoto wa darasa la tatu na kwenye baiskeli ya mtu mzima wa kilo tisini anayerukia ngazi. Zikiegemezwa ukutani pamoja, kwa mbali huzitofautishi. Ipande sasa. Ile ya mtoto magoti yanagonga usukani, mgongo unajikunja, na ukisimama kukanyaga unakuta kifua kimeshapita gurudumu la mbele. Shimo dogo tu, unatangulia wewe, baiskeli inafuata.

Kwa hiyo nenda sokoni na futi kamba. Pima lile bomba la juu la fremu, kuanzia katikati ya shingo ya usukani mpaka katikati ya bomba la kiti. Za watoto mara nyingi zinacheza kwenye inchi 18 hivi au chini ya hapo. Za watu wazima zinaanzia inchi 20 na kupanda hadi 21 na ushee. Kwa kawaida mtu wa urefu wa sentimita 163 hadi 173 anafaa inchi 20.5; wa 173 hadi 183 anataka 20.75 au 21; ukizidi hapo tafuta 21.25 na kuendelea. Vijana wanaozungusha baiskeli hewani hupenda fupi kwa sababu inageuka upesi. Sisi wenye viuno vya kulalamika, ukiwa katikati ya saizi mbili, chukua ndefu. Fremu ndefu imetulia, haikurushi nyuma ovyo, na inakupa nafasi ya kusimama bila kujikunja. Nusu inchi inasikika kama utani ukiisoma hapa, lakini ukiwa juu ya baiskeli mwili unaijua mara moja.

Najua kwa nini wengi hawapimi. Sisi tuliokulia Dar mwishoni mwa miaka ya 80, bidhaa za nje zilipoanza kuruhusiwa tena kuanzia 1984 na Mzee Ruksa, yaani Rais Mwinyi, akaingia madarakani mwaka uliofuata, BMX ilikuwa kitu cha kukodi kwa dakika. Mwenye nayo anakaa kibarazani na saa ya mkononi, wewe unazunguka mtaa, ukichelewa unadaiwa. Mtu akishafika miaka arobaini na tano, ana kahela kidogo, akiiona ile yenye magurudumu ya plastiki na sponji iliyofungwa kwenye bomba, haoni kingine. Analipa palepale. Kama unataka ya kuning'iniza sebuleni, sawa, lipa. Kama unataka kuiendesha, magurudumu ya plastiki yaliyopigwa jua miaka thelathini waachie wakusanyaji.

Kabla ya kupekua bidhaa jiulize utaiendesha wapi, maana jina BMX linabeba baiskeli za aina mbalimbali. Mchezo ulianza California mwanzoni mwa miaka ya 70, watoto wakiigiza mbio za pikipiki za vumbi, na mpaka leo kuna za mbio na kuna za michezo, yaani za kuruka na kuzungusha hewani. Za mbio, zile zilizoingia Olimpiki Beijing 2008, nyingi fremu yake ni ya alumini: nyepesi, ndefu kidogo, gia ya mbele kubwa, breki moja ya nyuma. Za michezo, zilizoingia Olimpiki ya Tokyo, ni za chuma, fupi, nene, tairi pana. Kwenye makontena ya mtumba zinashuka zote, zimechanganywa na baiskeli za akina mama wa Kijapani zenye kikapu.

Ushauri wangu kwa mtu anayetaka kuzunguka mtaani, kupanda ukingo wa barabara na kujifunza tena kurusha gurudumu la mbele, ni ya michezo, ya chuma. Ya mbio ni nzuri ukiwa na njia ya vumbi karibu, au kama unajali uzito kuliko kitu kingine. Ukiipata, tafuta iliyoandikwa "Pro" au "Pro XL" kwenye fremu; "Junior" na "Expert" ni za wadogo, hata kama rangi imekuvutia. Na alumini ikague viungo kwa kucha: inapochoka hupasuka bila kukupa taarifa ndefu.

Halafu kuna kruza, BMX ya gurudumu la inchi 24. Wengi wanaiona kama baiskeli iliyokosa kabila, si ya mtoto si ya mtu mzima. Mimi naitetea kila nikipata nafasi. Inavuka mashimo bila kukutingisha meno, imetulia kwenye mwendo, na mgongo unaipenda. Hata kwenye mbio za kimataifa za BMX kuna madaraja ya kruza kwa watu waliopita miaka arobaini, hadi hamsini na kuendelea. Ubaya wake hapa kwetu ni matairi: ya inchi 24 yenye upana unaofaa utayasaka, wakati ya 20 yapo kila duka. Zipo pia BMX za inchi 26 na 29 zilizotengenezwa mahususi kwa wazee wenye kumbukumbu. Ni raha kuendesha, ila kuruka nazo ni kazi ya misuli ambayo wengi wetu tuliiacha shuleni.

Sasa chuma chenyewe. Kuna chuma cha kawaida na kuna kromoli, yaani chuma kilichochanganywa na kromiamu na molibdenamu. Mara nyingi utaona kibandiko chenye namba 4130 kwenye bomba la kiti. Kisome mpaka mwisho. Kuna fremu nzima ya kromoli, na kuna ambazo ni bomba la chini tu, kwingine chuma cha kawaida. Kwa mtoto tofauti si kubwa. Kwa mtu mwenye uzito wa mtu, anayetua kutoka juu hata kama ni juu ya ukingo wa barabara tu, kromoli inastahili kuongezewa pesa, hasa kwenye uma wa mbele, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele. Fremu ikipinda utaiona na utasimama. Uma ukikatika huna muda wa kuona.

Pamoja na futi kamba, beba spana namba 15. Hii nasisitiza kwa sababu inasema ukweli kuliko muuzaji. Ijaribu kwenye nati ya gurudumu la nyuma. Ikiingia sawasawa, ekseli ni ile nyembamba ya milimita 10, ya baiskeli za bei rahisi. Ukirukaruka nayo itapinda. Kama nati ni kubwa, inataka namba 17 au 19, hiyo ni ekseli ya milimita 14, na anayeiweka ekseli hiyo kwa kawaida hakubania kwingine. Gurudumu la mbele lisikutishe, ekseli nyembamba huko ni kawaida.

Kisha tazama krenki, mikono inayoshika pedali. Kama ni chuma kimoja kilichokunjwa kama herufi S, kinapita ndani ya fremu bila bolti katikati, ni ya zamani au ya bei nafuu. Inatembea, lakini inapinda. Unayoitaka ni ya vipande vitatu: mhimili katikati, mkono kila upande, umefungwa kwa bolti. Shika mkono mmoja uutikise kushoto na kulia, si kuuzungusha. Ukisikia "tok, tok", ama goroli zimekwisha ama meno ya mhimili yamelika. Goroli ni pesa ndogo. Meno yakishalika unanunua krenki nyingine, na hapo bei ya baiskeli iongelewe upya.

Inama uangalie chini ya shingo, pale bomba la chini linapokutana nayo. Pitisha kidole. Ukihisi uvimbe, mkunjo, au rangi imepasuka kama ngozi ya mguu mkavu, baiskeli hiyo iliwahi kugonga kitu kwa mbele. Simama pembeni uutazame uma: miguu yake iwe imenyooka sambamba na shingo au imeinama mbele kidogo, isirudi nyuma kuelekea pedali. Ukikuta dalili yoyote kati ya hizo, usijadili bei. Mwambie asante, ondoka. Kunyoosha uma wa BMX kwa nyundo ni jambo ambalo mafundi wengi watakukubalia, na ndiyo sababu inabidi ukatae wewe.

Zungusha magurudumu ukitazama nafasi kati ya rimu na breki. Kuyumba kidogo fundi anakaza spoku, linaisha. Soma namba za ubavuni mwa tairi vilevile. Ukikuta 406, uko salama, ndiyo tairi za inchi 20 zilizojaa madukani. Ukikuta 451, hiyo ni inchi 20 ya aina nyingine, nyembamba, inakuja sana na baiskeli za Kijapani, na siku ikipasuka utaulizia duka kwa duka.

Kuhusu gia, msiogope ile ndogo ya mbele ya kisasa. Zamani ilikuwa meno 44 mbele na 16 nyuma. Sasa ni 25 mbele na 9 nyuma. Gawanya uone: 2.75 na 2.78. Uzito wa kukanyaga ni uleule.

Breki ndiyo mada nitakayogombana na vijana. BMX nyingi za kisasa zinakuja na breki moja ya nyuma, nyingine hazina kabisa, na wenyewe wanasema ndiyo mtindo. Wana magoti mapya, waache. Wewe nunua yenye breki, au angalau fremu yenye vishikizo vya kufungia breki. Nilimuuliza fundi wangu kama vishikizo hivyo vinaweza kuongezwa baadaye. Akaigonga fremu kwa spana, akasema, "Kuchomelea nitakuchomelea, mzee wangu, lakini bomba hili jembamba, moto wa umeme utalitoboa. Baada ya hapo usinijue." Sikuhitaji maelezo zaidi. Breki ya kukanyagia nyuma nayo iepuke kwenye BMX: huwezi kurudisha pedali kuziweka sawa kabla ya kuruka, inakubana wakati usiotaka. Ukiona kile kifaa cha kuzungusha usukani bila waya wa breki kujisokota, ni kizuri kwa anayezungusha usukani. Huzungushi, usikilipie.

Jambo ambalo linasumbua wengi wanaorudi ni kiti. Wanakipandisha mpaka mwisho wakidhani wataendesha kama baiskeli ya kawaida. BMX ni ya kusimama. Kiti ni cha kupumzikia na cha kubana kwa paja. Ukikaa juu ya kile kiti kifupi ukakanyaga toka Mbagala mpaka Posta, magoti yatakuambia usiku. Kwa safari za kwenda kazini nunua baiskeli nyingine. Mgongo ukiuma, usihangaike na kiti, badilisha usukani. Usukani wenye kimo cha inchi 9 badala ya 8 unakuinua, na bei yake ni ndogo ukilinganisha na fremu. Ndiyo badiliko la kwanza ninalompendekezea mtu yeyote aliyepita arobaini.

Bei sitazitaja, zinabadilika kila kontena likishuka. Nitasema tu kwamba usimalize pesa zote kwa muuzaji. Tenga kama theluthi kwa matairi, cheni, mipira ya breki, goroli na mkono wa fundi, kwa sababu mtumba utavihitaji. Ndani ya hesabu hiyo weka kofia ngumu mpya, si ya mtumba. Kofia ikishapokea pigo moja sponji yake ngumu ya ndani imekwisha kazi, na kwa nje huoni kitu. Vikinga magoti vya mtumba, sawa, fua tu.

Ukishaifikisha nyumbani, wiki za kwanza tafuta uwanja wa majani au maegesho matupu Jumapili asubuhi. Watoto watakuja. Mimi walinipokea na "Babu, rudisha baiskeli ya mjukuu!", na nusu saa baadaye walikuwa wamejipanga foleni kuomba mzunguko mmoja. Wape, ila baada yao kagua usukani, wanapenda kuutua kwa nguvu. Na bolti za krenki zikaze upya baada ya kuendesha mara chache za mwanzo, kisha uziangalie kila mara. Krenki za vipande vitatu zikifungwa upya hulegea mwanzoni kabla ya kukaa, na ukiendelea kukanyaga zikiwa zimelegea, yale meno ya mhimili yanaanza kulika siku hiyohiyo.